Bomba la Sauna Juu ya Lori

Januari 7, 1969

Shemeji Reino ameondoka leo kurudi Göteborg, Sweden, na sikumlilia. Krismasi nzima alikaa mezani kwangu na koti lake jipya la ngozi akimweleza Kauko habari za kiwanda cha magari: nyumba ya ghorofa, maji ya moto ukutani, Jumamosi hakuna kazi. Kauko mume wangu alitafuna mkate na kuitikia kwa kichwa tu. Ninamjua, akikaa kimya namna ile jambo limeshamwingia.

Ng'ambo ya ziwa nyumba tatu zimepigiliwa mbao madirishani tangu vuli. Wenyewe wote wako Sweden. Mimi siendi. Baba aliniachia karakana yake ya uhunzi na nyumba hii ya ufukweni, amezikwa pale juu kanisani, na Kiswidi chenyewe sijui hata salamu. Nikajifunze kuzaliwa upya kwenye ghorofa ya nne?

Kabla ya kulala Kauko alisema jambo moja. "Msimamizi wa magogo atabaki na malori yanayopanda kilima cha stesheni kama watu wazima. Mwisho wa Februari anachagua. Letu likiachwa, Saimi, tunafunga mizigo."

Januari 9

Baridi ya kukatisha pumzi. Lori limevuka barafu ya ziwa na magogo ya kampuni, likapanda kilima kwa gia ya kwanza, moshi mweusi tii. Armas Juntunen, dereva mwenzake, alikuwa nyuma na lori lake jipya, akapiga honi njia nzima mpaka mbele ya dirisha langu. Mjinga yule.

Januari 12

Jumapili. Kauko alienda kanisani, mimi nikafungua boneti.

Watu hudhani lori likikosa nguvu linataka dizeli zaidi. Moshi mweusi unasema kinyume: dizeli ipo tele, hewa ndiyo haba. Lori la Armas lina turbo ya kuisukumia injini hewa kwa nguvu. Letu linavuta lenyewe, kwa mapafu yake. Basi kazi yangu ni kuondoa kila kinacholikaba koo.

Nilianza na chujio la hewa. Letu ni la bakuli la oili: hewa inapita juu ya oili na vumbi linanasa humo. Nilipofungua kifuniko, oili ilikuwa imeganda kama uji wa jana. Wiki nzima injini imekuwa ikivuta pumzi kupitia uji! Nimemwaga, nimetia oili nyepesi.

Januari 13

Moshi umepungua. Kilima bado ni gia ya kwanza.

Januari 19

Jana na leo nimeing'oa silinda hedi, kile kichwa cha injini. Kauko alisimama mlangoni mwa karakana akakunja uso, akauliza kama Jumatatu atabeba magogo mgongoni. Nilimwambia akalete kahawa.

Ndani ya njia za hewa chuma kimeachwa vilevile kilivyotoka kwenye kalibu ya udongo, kina mabonge, kinakwaruza kidole kama ulimi wa ng'ombe. Na pale manifoldi, bomba la kugawa hewa, inapokutana na hedi, matundu hayalingani. Kuna ukingo umejitokeza kama kizingiti, kila pumzi inajikwaa hapo. Nimeuondoa kwa tupa, kisha msasa, msasa mwembamba, kidole, msasa tena. Gasketi nayo nimeikata ifuate tundu jipya. Mikono imevimba. Baba angeniona angesema nimechelewa kwenda kwenye ibada, kisha angevuta kigoda akae atazame.

Januari 21

Gia ya pili! Mpaka juu kabisa. Kauko alishuka akanikumbatia mbele ya watu wa stesheni, na mimi na ovaroli langu la grisi.

Januari 26

Jambo limenijia nikiwa kwenye sauna, kibanda chetu cha kuogea kwa mvuke. Chini ya boneti hewa ni ya moto, na hewa ya moto ni nyepesi, haina shibe. Nje kuna baridi ya kupasua miti, hewa nzito, tena ya bure. Nikatazama bomba la jiko la sauna linavyopanda kwenye paa, pana, lenye ukuta mwembamba, limenyooka. Nikajua ndilo.

Kauko aliponikuta juu ya paa nimeshalilegeza alicheka mpaka akakaa kwenye theluji. "Mwanamke huyu ataninyima hata kuoga." Nikamwambia tutaogea kwenye beseni mpaka masika, na asipotaka aende Göteborg akaoge ukutani.

Nimelitakatisha masizi, nimelipiga msasa ndani mpaka linang'aa. Linatoka kwenye chujio, linapinda kiwiko kimoja kutoboa boneti, kisha linapanda kando ya kibanda cha dereva. Mdomo wake nimeupanua kama ndoo, unatazama mbele. Ndani ya shingo nimeweka kifuniko cha kugeuza, na kipini chake kiko karibu na usukani. Theluji ya upepo ikianza, unageuza kipini, bomba linafungwa, injini inavuta hewa ya chini ya boneti kama zamani. Nimemfundisha Kauko mara mbili.

Mzee Iivari Kemppainen alipita akalitazama. Yeye ndiye mlinzi wa barafu, anatoboa matundu kupima unene na kuchomeka matawi ya msonobari kando ya njia ili madereva wasipotee. Ana uso wa mtu anayerudi mazishini kila siku. Nikampa vikate vya viazi, akala, akaondoka.

Februari 3

Kauko amempita Armas kilimani. Amempita! Nilisimama dirishani nikapiga meza kwa kijiko. Injini ina sauti mpya, nzito, ya kukwaruza, naisikia tangu inapoingia kwenye barafu ng'ambo. Sihitaji kutazama. Nikisikia naweka sufuria ya kahawa motoni.

Februari 6

Msimamizi ameruhusu tuongeze safu moja ya magogo.

Februari 7

Theluji. Paka hataki kutoka nje.

Februari 11

Mzee Iivari alikuja, hakuvua kofia. Nilidhani amefuata kahawa. Alisema Kauko anakimbia kwenye barafu. Kwamba lori likienda mbio maji yaliyo chini yanainuka na kutangulia mbele yake kama mgongo wa samaki mkubwa, na mgongo huo ukifika ufukweni hauna pa kwenda, unaipasua barafu kutoka chini. Ameona nyufa mpya mbele ya gati letu, na maji yamepanda juu kwenye matawi yake.

Nilimwambia mzee kwamba Kauko ni mtu mzima. Nikamwambia pia kwamba yeye hajawahi kusema neno kuhusu mwendo wa Armas.

"Armas anakwenda mwendo wa farasi," alisema. "Hana haraka, lori lake si la kuthibitisha kitu."

Nilikasirika mpaka nikaunguza samaki. Mzee anaingia nyumbani kwa mtu na kofia kichwani! Lakini jioni nilimweleza Kauko, na Kauko akasema atapunguza.

Februari 13

Hakupunguza. Nasikia kwa sauti ya injini.

Februari 16

Jumapili. Gia ya tatu inashika nusu ya kilima, kisha inaishiwa. Nusu! Msimamizi anachagua wiki ijayo. Nimekaa na lile bomba asubuhi yote nikiwaza ni kitu gani bado kinaikaba, na jibu nililiona nilipochungulia ndani: kile kifuniko changu. Hata kikiwa wazi kimekaa katikati ya shingo na mhimili wake mnene, hewa inalazimika kugawanyika kukizunguka.

Nimekitoa. Kipini nimekiacha kando ya usukani, maana kukitoa kungenitaka kufungua dashibodi, na Kauko alikuwa anakaribia kurudi. Nitakirudisha kifuniko baada ya uchaguzi. Theluji ya upepo haijaja mwezi huu hata mara moja. Sikumwambia Kauko, atalifanya hadithi.

Februari 18

Gia ya tatu mpaka juu.

Februari 28

Tumebaki! Malori manne yameachwa, letu limebaki, na msimamizi alimwambia Kauko kwa mdomo wake kwamba msimu ujao tunaanza wa kwanza. Kauko amenunua keki stesheni. Alisema, huku mdomo umejaa, kwamba Reino atafute mwingine wa kumsifia maji yake ya moto. Nililia kidogo jikoni, kwa furaha, nikajipangusa na kitambaa cha vyombo.

Watu wa malori yaliyoachwa walipita mbele ya nyumba kwa miguu. Hakuna aliyegeuka kutazama dirishani.

Machi 4

Msimamizi ameongeza safu nyingine. Kifuniko kipo kwenye rafu ya karakana. Nitakiweka Jumapili.

Machi 6

Barafu imelia kutwa, ile sauti ya kuvutwa kama msumeno chini ya sakafu. Mzee Iivari amehamisha njia. Matawi sasa yamepinda mbali na gati letu, na alipokuwa anachomeka la mwisho alisimama kutazama nyumba yetu. Nilimpungia mkono. Hakuona, au hakutaka.

Machi 9

Jumapili. Kauko ana homa, amelala, nimemkanda kifua. Sikwenda karakana.

Machi 11

Ameamka, amekwenda kazini. Nimeangalia: bado anafunga milango ya lori kwa kamba ikae wazi akiingia ziwani, ili apate kuruka barafu ikipasuka, kama baba zetu walivyofunga, hata baridi iwe ya namna gani. Nilifurahi kuliko ilivyostahili.

Machi 13

Upepo umegeuka, unatoka kaskazini mashariki. Mchana jua lilizungukwa na maduara mawili, dalili ya dhoruba.

Machi 16

Sikuweza kuandika mpaka leo.

Ijumaa saa nne asubuhi upepo uliinua theluji yote ya ziwa. Ile laini kama unga, haianguki, inakwenda tu, inaingia hata kwenye tundu la ufunguo. Ng'ambo ikapotea, kisha matawi, kisha gati. Nilikuwa jikoni. Nikaisikia injini inaingia kwenye barafu, nzito, na mara hii Kauko alikuwa anakwenda taratibu, mwendo wa farasi kabisa. Nikasema moyoni, ahsante. Kisha nikakumbuka rafu ya karakana.

Nilisimama na sufuria mkononi. Sauti ilianza kukohoa. Ikavuta, ikakohoa, ikavuta tena kama mtu aliyebanwa kifua, halafu kimya.

Kila mtoto wa ufukwe huu anajua hivi: barafu inaubeba mzigo unaopita. Ukisimama, inaanza kubonyea, polepole, na haikuambii imefika wapi. Ndiyo maana dereva hasimami hata akimwona mama yake njiani.

Nilichukua sleji ya kusukuma, ile yenye vyuma vya kutelezea, nikafuata matawi, moja, halafu jingine, mikono mbele. Lori nililigonga kabla sijaliona. Kauko alikuwa juu ya boneti amelikumbatia bomba, anachimba theluji mdomoni mwa bomba kwa vidole vitupu. Ilikuwa imeingia yote, ikashuka mpaka kwenye kiwiko, ikayeyuka kwa joto la injini, ikaganda. Kizibo kama cha chupa. Chini ya magurudumu ya nyuma maji ya kijivu yalishaanza kupanda.

Aliponiona hakushangaa. Aliuliza tu.

"Nimekigeuza kipini, Saimi. Nimekigeuza mapema, upepo ulipoanza. Mbona hakifungi?"

"Nilikitoa kifuniko."

"Lini?"

"Kabla hawajachagua."

Alinitazama. Kope zake zilikuwa nyeupe. Nilingoja anitukane, na laiti angenitukana. Alisema, "Basi tulitoe bomba," kana kwamba tuko karakana na kahawa iko motoni.

Nilimsihi ashuke tuondoke, tuliache. Alisema bila lori ni Göteborg, na mimi sitaki Göteborg. Alisema hivyo, neno kwa neno, huku analegeza bolti. Nikapanda nikamsaidia, maana peke yake angechukua muda mrefu zaidi. Hilo ndilo nililojiambia. Labda hata pale, na maji yanatambaa, bado nilitaka vyote viwili, mume na lori.

Nyuma yetu mzee Iivari alikuwa amefika, namsikia simwoni, anaita tutoke, tutoke. Bomba likang'oka kwenye kiwiko. Nililibeba mikononi nikaruka chini, Kauko akaingia kwenye usukani. Injini ilivuta pumzi ya chini ya boneti. Ikawaka. Namwambia ukweli mwenye kusoma hiki kitabu siku moja: nilipiga kelele za furaha.

Lori likasogea. Likasogea urefu wake, na urefu mwingine. Kisha nyuma ikashuka, bila mshindo, kama mtu anayekaa kitini. Magogo yakateleza. Taa za mbele zikatazama juu, na barafu ikafunguka mpaka karibu na miguu yangu, nami nimesimama nimelikumbatia bomba la sauna.

Mlango ulikuwa wazi. Kamba yake ilishika. Niliona kofia kwanza, halafu mkono. Mzee Iivari alilala kifudifudi akasukuma mti wake mrefu wa kutobolea barafu mpaka kwenye ule mkono, na mimi nikamshika mzee miguu. Tulivuta. Sijui tulivuta kwa muda gani. Kauko alipotoka alikuwa wa buluu na mdomo wake ulikuwa unatafuta neno.

Yuko hospitali ya kata. Mapafu. Daktari haniambii mengi.

Machi 20

Homa. Hakunijua asubuhi, mchana akanijua.

Machi 24

Wamemkata vidole viwili vya mkono wa kushoto. Mzee Iivari alikuja na samaki, akavua kofia, akakaa. Nilimwambia mwishoni kwamba alisema kweli kuhusu mwendo, na kwamba siku ile Kauko hakukimbia. Akajibu kwamba aliisikia injini.

Aprili 6

Pasaka. Kauko yuko nyumbani, mwembamba kama ngazi. Anakohoa. Akikohoa mimi naacha ninachofanya nasimama mpaka amalize.

Hajaniuliza tena habari ya kifuniko. Hata mara moja.

Aprili 19

Mvua. Njia ya barafu imefungwa. Matawi ya mzee Iivari yamesimama ndani ya maji.

Mei 14

Barafu imeondoka jana. Leo walilivuta lori kwa winchi ya kampuni. Lilitoka rejeta mbele, linamwaga maji kila tundu, magugu kwenye manifoldi. Watu walikuja kutazama kama kwenye arusi. Nilidhani Kauko atageuza uso. Alilizunguka polepole, akaweka ule mkono wenye vidole vitatu juu ya boneti.

"Bloku ya injini haijapasuka," aliniambia. Macho yake yaling'aa. "Hedi utaipiga msasa tena. Bomba tunaweka mdomo wa kutazama nyuma, na kifuniko chako cha kugeuza, chembamba zaidi. Msimamizi amesema nafasi yetu ipo. Januari tuko ng'ambo, mke wangu, wa kwanza."

Hakuna kinyongo hata chembe. Anaamini ninaweza, ndiyo yote. Akanitajia gia ya nne. Nami, Mungu anisamehe, akili yangu ilishaanza kupima shingo ya bomba.

Hapo ndipo nilipoogopa. Ijumaa ile sikuogopa hivi.

Mei 18

Jumapili. Nimepanda juu ya paa la sauna na bomba. Kauko alikuwa kwenye karakana anapanga bolti zilizokauka kwenye gazeti, ananiita nikaone. Nikamwambia asubiri. Nimelirudisha mahali pake, nimekaza kola, ile pete ya kulishikilia paani, nimeziba kwa udongo, nimewasha moto.

Jioni tulikaa humo mara ya kwanza tangu Januari. Bomba linavuta kuliko zamani, msasa wangu haukwenda bure. Kauko alilisikiliza akacheka, akasema ni dhambi kulipoteza kwa kuoga. Kisha akakohoa. Nilingoja amalize.

"Kesho nenda posta ukampigie Reino simu," nilimwambia.

Maji yalimtiririka usoni.

"Nimwambie nini?"

"Mwambie tunakuja wawili. Na aulize pale kiwandani kama wanapokea mwanamke anayejua injini."

"Na nyumba ya baba yako?"

"Tutapigilia mbao."

Alinitazama kama alivyonitazama siku ile juu ya boneti. Akachota maji kwa kata, akamwagia mawe. Tulikaa mpaka moto ukaisha, kisha tukaenda kulala.